Chura Aliyekwenda Bukwe: Kibushi wa Lubefu na Hadithi Zetu Zilizoanza Kutembea

Katika vitabu vyetu vya desturi tumezoea kuandika mambo ya ngoma, ya mahari, ya machifu, na ya ile njia ya zamani ya misafara iliyotoka Kasongo ikapita Kabambare mpaka ziwa Tanganyika. Safari hii tunaandika juu ya mtu wa sinema. Tena si sinema ya watu wenye kuigiza. Ni ile ya michoro inayotembea, katuni, ambayo watoto wetu wanaijua kuliko sisi wazazi. Huenda mzee mmoja atauliza: mambo ya watoto yameingiaje katika kitabu cha mila? Tunamwomba avumilie kidogo, asome kwanza.

Mtu huyo anaitwa Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto. Alizaliwa mwaka wa 1957 huko Lubefu, nchi ya Sankuru, ng'ambo ya mto Lomami. Ni Mtetela. Anahesabiwa kati ya watu wa kwanza kabisa wa Kongo waliotengeneza filamu za michoro, na filamu iliyomtambulisha, ya mwaka 1991, ni hadithi ya Kitetela. Jina lake kwa Kifaransa ni "Le Crapaud chez ses beaux-parents", maana yake chura nyumbani kwa wakwe zake. Sisi hapa tungesema tu: Chura amekwenda bukwe.

Mtu wa Kasongo akisikia "Mtetela wa Lubefu" asifikiri ni habari ya mgeni. Wakusu wa kwetu na Watetela wa Sankuru ni shina moja. Wazee wa pande zote mbili wanajihesabu kuwa watoto wa Membele, na lugha zao zinasikilizana. Kilichowatenga ni mambo ya karne ya 19. Wale waliokaa upande wa Lualaba waliingia katika nchi ya waungwana, yaani watu wa Tippu Tip na wenzake, wakajifunza Kiswahili, wakavaa kanzu, wengine wakashika dini ya Kiislamu. Wale wa magharibi wakabaki na njia yao. Ngongo Lutete ndiye alisimama katikati. Alikuwa na boma lake Ngandu, juu ya Lomami, akawa mtu wa Tippu Tip, kiisha akageuka akaenda na Wabelgiji, na Wabelgiji hao hao wakamuua kwa risasi mwezi wa Septemba 1893, miezi michache tu baada ya Kasongo kuanguka. Askari wake waliasi Luluabourg mwaka 1895. Waasi wengine, wale wa mwaka 1897, walishuka mpaka wakaiteka Kabambare mwaka 1898. Wabelgiji waliwaita wote "Batetela", ingawa ndani yao kulikuwa na watu wa makabila mengi, na wa kwetu pia. Baadaye serikali ya kikoloni ikakata mipaka, Sankuru huku, Maniema kule, na watoto wakazaliwa wakifikiri kwamba Lomami ni ukuta.

Lakini hadithi hazina mipaka ya serikali. Chura, kobe, chui, swala mdogo, wote hao walivuka Lomami bila karatasi.

Sasa tuseme kidogo juu ya bukwe, maana bila jambo hilo mtu hataelewa kwa nini hadithi ya chura inachekesha. Kwetu mwanaume haendi kwa wakwe kama anayekwenda sokoni. Haendi mikono mitupu. Haendi peke yake: anachukua ndugu au rafiki wa kumsemea, kwa sababu kuna maneno ambayo mkwe hayasemi kwa kinywa chake. Akifika, haingii tu. Anangoja aitwe. Akimwona mama mkwe njiani anapisha, anainamisha macho. Chakula kikiletwa anakula kidogo, hata kama njaa inamuuma tangu asubuhi, na nyama anawaachia wengine. Anapimwa, tena anapimwa bila kuambiwa kwamba anapimwa: anakaaje, anacheka namna gani, ameamka saa ngapi, alipoona kuni alichukua shoka au aliangalia tu? Mambo haya Wakusu wanayo, Wazimba wanayo, Wabangubangu na Wabuyu wa Kabambare wanayo, kila watu kwa namna yao.

Basi sasa fikiri msafiri huyo ni chura. Mdomo mpana, tumbo la kuvimba, ngozi ya vipele, macho ya kutoka nje, hata hajui kutembea, anarukaruka. Jinsi gani atainamisha macho mtu ambaye macho yake yako juu ya kichwa? Wazee wetu walipomchagua chura kuwa mkwe walijua wanachofanya. Mtoto anacheka, na huku anajifunza adabu zote za bukwe bila kupigwa fimbo. Kijana mwenye uchumba naye anacheka, lakini moyo unamdunda.

Hilo ndilo tunataka kusema juu ya kazi ya Kibushi. Hakuchukua hadithi hiyo kuipamba sinema tu. Alichukua shule nzima ya adabu ambayo ilikuwa inakaa kandokando ya moto, akaihamisha kwenye kitambaa cheupe. Je, imefika salama? Hapo tutarudi.

Watu wengi wanafikiri kwamba katuni zilikuja kwetu na televisheni. Sivyo. Wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1950, mapadri ndio walikuwa mafundi wa sinema Kongo, wakizunguka na mashine na kitambaa. Padri Alexandre Van den Heuvel alitengeneza katuni za Mboloko, yule swala mdogo mwenye akili ambaye Walega wanamwita kabuluku. Padri Albert Van Haelst naye huko Kasai alifanya filamu za kuchekesha za watu wawili, Matamata na Pilipili. Majina yamepita mpaka leo, na mchoraji Mongo Sisse aliwachukua wawili hao akawaweka katika vitabu vya michoro. Hatuwezi kusema kazi ya mapadri ilikuwa mbaya yote. Watu walicheka, na swala alitembea. Ila mwenye kuamua swala aseme nini mwisho wa hadithi alikuwa padri, na mara nyingi swala aliishia kusema maneno yanayofanana sana na katekisimu.

Kibushi alikuja mwendo mwingine. Alisoma michezo ya kuigiza Kinshasa, katika Institut National des Arts. Mwaka 1988 mafundi wa Atelier Graphoui ya Ubelgiji walifika Kinshasa kufundisha kazi ya katuni, naye akawa mmoja wa wanafunzi wao. Huko ndiko alikoshika ufundi. Kiisha akaanzisha karakana yake mwenyewe, akaiita Studio Malembe Maa. Maneno hayo ni ya Kilingala, na sisi tunaweza kuyatafsiri bila taabu: pole pole ndio mwendo.

Jina hilo si mchezo. Ni maelezo ya kazi yenyewe. Ili jicho liamini kwamba mchoro unatembea, sinema kwa kawaida inalipa picha 24 katika sekunde moja. Filamu ya dakika 8 ni sekunde 480. Zidisha mara 24: picha 11,520. Hata kama fundi anatumia ujanja wa kupiga kila picha mara mbili, bado anabaki na mikao 5,760 ya kupanga kwa mkono. Njia aliyoanza nayo Kibushi ni ya karatasi za kukata. Chura anachorwa, anapakwa rangi, halafu anakatwa kwa mkasi: kichwa mbali, mguu mbali, mkono mbali. Vipande vinalazwa juu ya meza chini ya kamera. Unasogeza mguu kidogo, kama upana wa punje ya mchele, unapiga picha. Unasogeza tena, unapiga. Upepo ukiingia mlangoni ukapeperusha mguu wa chura, umepoteza asubuhi yako. Umeme ukikatika, hali kadhalika. Sisi tunaojua umeme wa Kinshasa, wacha ule wa kwetu usiokuwepo, tunamwelewa mtu anayeita karakana yake Pole Pole.

Tena njia hiyo ya mkasi ni ya heshima, si ya umaskini. Mwanamke Mjerumani, Lotte Reiniger, alitoa mwaka 1926 filamu ndefu nzima ya Mwana wa Mfalme Ahmed kwa karatasi nyeusi za kukata, kutoka katika hadithi za Alfu Lela U Lela. Na hapa Afrika, Moustapha Alassane wa Niger anahesabiwa kati ya waliotangulia kusini mwa Sahara: mwaka 1966 alitoa "Bon voyage Sim", habari ya rais wa nchi ya vyura anayekwenda ziara. Vyura tena! Tumejiuliza kwa nini vyura wanapendwa hivyo na mafundi hao. Jibu letu ni rahisi: chura ana mwili wa kuchekesha bila kuongezewa kitu, na tumbo lake linafanana na la wakubwa.

Watoto wetu wa Kasongo, wale waliopata simu au waliokaa mbele ya video ya mtaani, wanajua zaidi katuni za Wajapani. Hatuwalaumu, zimetengenezwa vizuri. Lakini ni vema wajue kwamba Wajapani nao hawakuanza na utajiri. Osamu Tezuka alipoanza kuonyesha kijana wake wa chuma kwenye televisheni, tarehe 1 Januari 1963, alipunguza michoro kwa nguvu kwa sababu fedha hazikutosha: mdomo unasogea, mwili unakaa kimya, picha moja inatumika mara nyingi. Umaskini huo ukawa mtindo, na mtindo ukazunguka dunia. Tena Wajapani hawakuwatupa wanyama wa hadithi zao. Mwaka 1994 karakana ya Ghibli ilitoa filamu nzima juu ya tanuki, mnyama wa porini ambaye bibi zao wanasema anajua kujigeuza mtu, kama vile bibi zetu wanavyosema juu ya wengine tunaowajua. Mtoto wa Tokyo anaangalia katuni na kumkuta mnyama wa bibi yake. Mtoto wa Kabambare anaangalia katuni na kumkuta mnyama wa bibi wa Tokyo. Ndiyo tofauti.

Tusidhani lakini kwamba Kibushi alibaki na hadithi za zamani tu. Mwaka ule ule chura alipotoka, Kinshasa iliungua. Tarehe 23 Septemba 1991 askari wasiolipwa walianza kupora, raia wakafuata, na kwa siku kadhaa maduka, viwanda na nyumba viliachwa mifupa. Mwaka uliofuata Kibushi alitoa "Kinshasa, septembre noir", filamu fupi iliyotengenezwa kwa michoro ya watoto walioshuhudia uporaji ule. Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Mpiga habari angeleta kamera akaonyesha vioo vilivyovunjika. Kibushi aliwaachia watoto kalamu. Mtoto hachori kama fundi: askari anakuwa mkubwa kuliko nyumba, bunduki inakuwa ndefu kuliko askari, na mtu anayekimbia na friji kichwani ana miguu miwili tu ya vijiti. Lakini ndivyo mtoto alivyoona. Ukubwa wa bunduki ile ni ukubwa wa hofu yake.

Sisi wa Maniema ya kusini tunalisoma jambo hilo kwa macho yetu. Vita ya 1996 ilitupitia, ile ya 1998 ikatukalia miaka mitano, na hata baada ya mapatano vijiji vya upande wa Kabambare vimekimbia na kurudi mara nyingi. Watoto wa miaka ile leo ni wazazi. Kama wangepewa karatasi na kalamu wakati ule, tungekuwa na kitabu cha vita ambacho hakuna tume iliyoandika. Hawakupewa.

Jambo la tatu alilolifanya Kibushi, na kwa maoni yetu ndilo kubwa, ni kwamba karakana yake haikukaa mahali pamoja. Malembe Maa ilikuwa karakana ya kusafiri. Badala ya kungoja watu waje, alibeba vyombo akaenda kwao, akafundisha vijana na watoto kukata, kuchora, kusogeza na kupiga picha. Fikiri maana yake katika nchi kama yetu, mahali ambapo barabara ya kutoka Kasongo mpaka Kabambare wakati wa mvua inafanya gari lilale siku tatu katika tope. Kamera, taa, meza, karatasi: vitu hivyo vinabebeka, hata kwa pikipiki. Hakuna haja ya jumba. Misafara ya zamani ilipita na pembe na minyororo, na wapagazi wetu wanajua ilibeba nini. Huyu alibeba mikasi.

Baadaye aliendelea. Mwaka 1999 alitoa "Muana Mboka", habari ya mtoto wa mitaani Kinshasa anayemwokoa waziri katika ajali ya gari, na zawadi anayopata inamletea matatizo kuliko njaa aliyokuwa nayo. Mwaka 2004 akatoa "Prince Loseno", ambayo si ya karatasi tena bali ya vikaragosi, sanamu ndogo zinazosogezwa kidogo kidogo kwa ule mtindo mmoja wa subira. Kazi nyingi ya miaka hiyo aliifanya kati ya Ubelgiji na Kongo, kwa sababu fedha za kutengeneza na watu wa kununua walikuwa huko Ulaya.

Na hapo ndipo linaanza swali letu. Filamu hizi ni za bibi wa Kitetela na za mtoto wa Kinshasa, lakini majina yake yako katika Kifaransa, fedha zake nyingi zimetoka nje, na zimekaa katika matamasha na maktaba za nje zaidi kuliko katika vijiji vya Lomami. Wengine wanasema: basi ni mali ya wazungu, tuachane nazo. Sisi hatukubali. Mtu akiuza pembe, pembe imekwenda. Mtu akisimulia hadithi kwa jirani, hadithi bado anayo. Ubaya haupo kwa yule aliyeisimulia nje. Ubaya upo kwetu kama ndani hakuna anayeisimulia tena.

Tulisema tutarudi: je, hadithi ya chura imefika salama kwenye kitambaa? Jibu letu ni kwamba imefika, ila imekuja bila watu wake. Kandokando ya moto hadithi si ya msimuliaji peke yake. Anaita, watu wanajibu. Anafika mahali pa wimbo, anaanzisha, watoto wanapokea. Akiona wanasinzia, anamwongezea chura balaa moja. Akiona baba mkwe wa mtu amekaa hapo, anapunguza utani, au anauongeza kwa makusudi, kutegemea na ugomvi uliopo kijijini. Hadithi moja inaweza kuwa ya dakika tano au ya usiku mzima. Filamu haijui nani amekaa mbele yake. Ni ile ile kesho na kesho kutwa, huko Brussels au huko Lubefu, na chura anafika bukwe kwa dakika zile zile hata watu wapige kelele namna gani.

Hili si kosa la Kibushi peke yake. Liko katika kila kitu kinachoandikwa, hata katika kitabu hiki. Lakini yeye, kwa kutembeza karakana, alipata dawa yake nusu: kama filamu haiwezi kujibu watazamaji, basi watazamaji wapewe mkasi watengeneze jibu lao. Tunafikiri alilijua jambo hilo kwa sababu alianza katika michezo ya kuigiza, ambako mtu anasikia pumzi ya watu mbele yake.

Kuna mwingine wa nchi yetu aliyeonyesha kwamba picha inataka mdomo pembeni yake. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi aliyezaliwa 1947, alichora historia yote ya Kongo, utumwa, ukoloni, Lumumba, picha baada ya picha, na kila picha akamweleza Johannes Fabian kwa Kiswahili cha Shaba, miaka ya 1973 na 1974. Picha 101 pamoja na maneno yake zilichapwa katika kitabu mwaka 1996. Tangu mwaka 1981 hakuna aliyejua alikokwenda. Ukitazama picha peke yake unaona watu wamefungwa, askari amesimama. Ukisoma na maneno yake unasikia Mswahili wa Kongo anajadiliana na serikali. Na Barly Baruti, mtoto wa Kisangani wa mwaka 1959, fundi wa vitabu vya michoro, alipotoa "Madame Livingstone" mwaka 2014 pamoja na Christophe Cassiau-Haurie, alirudi kwenye vita ya Wabelgiji na Wajerumani juu ya ziwa Tanganyika, wakati wa ile meli Graf von Götzen. Vita hiyo sisi tunaijua kwa upande wa mabega: wapagazi wengi walitoka Maniema kubeba mizigo yake, na wengi hawakurudi. Vita ile imechorwa. Njia ya wapagazi bado.

Basi kwetu kukoje? Tusifiche. Hadithi zipo. Wazimba wanazo, Wakusu wanazo, Wabangubangu wanazo, na zile zinazosimuliwa kwa Kiswahili chetu cha Kasongo, ambazo zimechanganya sungura wa pwani na kabuluku wa msitu mpaka huwezi kujua nani ni mwenyeji. Wasimuliaji ndio wanapungua. Vita ilitawanya vijiji, moto wa jioni ukawa hatari kwa sababu unaonekana kwa mbali, na mtu aliyelala porini miezi sita akirudi anatafuta mbegu kwanza, hadithi baadaye. Kijana aliyezaliwa 1998 alikua bila kukaa motoni na bibi. Leo ana watoto. Atawapa nini? Anawapa simu, kama anayo.

Kuna watu wa chama chetu wanaosema tungoje mradi, tungoje mfadhili, tungoje umeme. Wengine tunasema hapana: karatasi ipo, mkasi upo kwa kila fundi cherehani, na simu ya bei ndogo siku hizi inapiga picha nzuri kuliko kamera nyingi za mwaka 1988. Betri inachajiwa kwa jua. Mtoto anayejua kuchora yupo katika kila darasa. Ni yule anayepigwa na mwalimu kwa kuchafua daftari. Ubishi huu haujaisha kati yetu na hatutauficha hapa. Wanaosema tungoje wana sababu zao pia: kazi iliyoanzwa ikaachwa nusu inavunja moyo kuliko ile isiyoanzwa, na kwetu zimeachwa nusu nyingi.

Jambo moja lakini halitaki kungoja. Picha ya chura inaweza kuchorwa leo, kesho, au miaka kumi ijayo. Vyura wapo, mto upo. Sauti ya chura ndiyo inayokwenda. Msimuliaji wa kweli hasemi tu "chura akasema". Anavimbisha mashavu, anatoa sauti ya kooni, na watu wanajua ni chura. Akiwa chui anaburuta maneno. Akiwa kobe anasema polepole kama mtu aliyebeba nyumba. Na nyimbo za katikati ya hadithi mara nyingi ziko katika Kikusu au Kizimba cha zamani, chenye maneno ambayo hata wazazi wetu hawayatumii tena. Anayeimba anaimba kwa sababu aliimbiwa hivyo. Bila nyimbo hizo mkasi utatupa chura bubu. Wanaozijua kwa ukamilifu, katika vijiji tulivyopita sisi, karibu wote ni wanawake, na wengi wao wamepita miaka 70. Tumeanza kuwatembelea na kurekodi kwa simu. Mmoja alitukatalia kuimba mchana, akasema hadithi zinazosimuliwa mchana zinaleta balaa nyumbani, turudi jua likishazama. Tukarudi usiku. Alikuwa amewaita wajukuu wote wa mtaa, kwa sababu, alisema, hawezi kumwimbia chura wa bukwe mbele ya watu wasiojua kumpokea.